Lori Lisilo na Utingo

Gemu ninayoipenda kuliko zote haina adui, haina bunduki, wala haina mahali pa kushinda. Unapakia mzigo Calais, unaendesha lori hadi Prague, unaegesha tela kwenye bohari, unalipwa, unalala kwenye kabini. Kesho yake unapakia mzigo mwingine. Inaitwa Euro Truck Simulator 2, imetengenezwa na kampuni ya SCS Software ya huko huko Prague, na ilitoka Oktoba 2012, wakati mimi nikiwa shule ya msingi na sijawahi kugusa kompyuta. Wenzangu wa uzamili wakinikuta naicheza huuliza swali lile lile: sasa hapo raha iko wapi? Wao wanacheza mpira, wanapigana vita, wanakimbiza magari ya wizi. Mimi nasimama kwenye taa nyekundu.

Nimejaribu kuwajibu mara nyingi kwa mdomo na kila mara nimeishia kucheka. Labda kwa maandishi nitafika.

Nilianza kuicheza nikiwa kwenye sura ya pili ya tasnifu. Nasoma isimu, na tasnifu yangu inahusu viambishi vya njeo. Sitawaeleza zaidi ya hapo, kwa sababu hata mama yangu mzazi huniomba nisimweleze. Nimepanga chumba Changanyikeni, nyuma ya chuo. Kitanda, meza, feni, jiko la gesi, basi. Kufika saa tatu usiku, baada ya kutwa nzima ya kusoma sentensi moja mara sita, kichwa kilikuwa kama redio isiyokamata stesheni. Nilikuwa nikipumzika kwa simu. Navuta kioo juu, navuta tena, video ya mtu anapika, video ya mtu anagombana, video ya mtu anauza mashamba Bagamoyo. Saa sita usiku naweka simu chini nikiwa nimechoka kuliko nilivyoishika.

Gemu niliipata kwenye punguzo la bei, nikailipia kwa kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kwa simu, nikaipakua kwa kifurushi cha usiku, usiku wa kwanza nusu, wa pili nusu. Nilidhani nitaicheza wiki moja. Nilichokikuta ni aina ya mapumziko ambayo sikuwa nayo. Macho yana kazi na vidole vina kazi, lakini kile kipande cha akili kinachobishana na msimamizi wa tasnifu kinaachiwa kiende zake. Mvua inanyesha mahali fulani kabla ya Cologne, waipa zinapiga, mbele yangu kuna lori jingine linakwenda kilomita 85 kwa saa, na sina haja ya kulipita. Mara nyingi sentensi niliyoikwamia mchana ilinijia yenyewe katikati ya Ujerumani. Nilijifunza kuweka kalamu na karatasi kando ya kibodi.

Ramani ya gemu imefinywa. Kila kilomita 19 za duniani ni kama kilomita 1 humo ndani, na saa inakimbia kwa kiwango hicho hicho ukiwa barabara kuu, ndiyo maana safari ya kutwa nzima inaisha kwa muda wa kupika wali. Hata hivyo hawakufinya kuchoka. Ukiendesha kwa takriban saa 11 za gemu bila kulala, dereva wako anaanza kupiga miayo, kisha macho yanafumba, kioo kinakuwa cheusi kwa nukta moja, na ukifumbuliwa uko upande wa pili wa barabara. Lazima utafute maegesho, uzime injini, ulale saa 9. Hili limenifundisha jambo ambalo semina zote za menejimenti ya muda hazikunifundisha: uchovu hauondolewi na bidii. Nilianza kuifunga tasnifu saa tatu kamili usiku, hata kama aya haijaisha.

Lakini kilichoniteka hasa ni rivasi.

Kurudisha tela nyuma ni kinyume cha kila kitu ambacho mwili unakijua. Ukitaka mkia wa tela uende kulia, usukani unaukata kushoto. Tela likishaanza kukunja, unapaswa kulifuata upesi kwa kurudisha usukani upande mwingine, la sivyo kichwa na tela vinakutana kama kisu kinachofungwa. Na huoni unakokwenda. Unaona vioo tu, na kila kioo kinakuonyesha nusu ya ukweli. Ukifika bohari, gemu inakupa hiari: uegeshe pale pagumu upate pointi nyingi, uegeshe pale rahisi upate chache, au uache kabisa wakuegeshee. Wiki tatu za kwanza niliwaachia. Usiku mmoja nikaona haya, nikachagua pagumu. Ilinichukua dakika 40. Nilitoka jasho kweli kweli, kwenye kiti cha plastiki, feni ikizunguka. Tela lilipoingia kwenye mistari nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Tangu hapo mji umebadilika machoni pangu. Nikiwa kwenye daladala Barabara ya Morogoro, zamani nilikuwa naona foleni tu. Sasa naona mtu anayetafuta pembe. Pale Ubungo niliwahi kumtazama dereva wa semitrela akiliingiza lori lake kinyumenyume kwenye geti jembamba, bodaboda zikimpita huku na huku, konda wa daladala letu akimtukana, na yeye ametulia, mkono mmoja dirishani. Aliingia kwa mkupuo mmoja. Ndani ya daladala hakuna aliyeona kitu. Mimi nilitaka kushuka nimpe mkono.

Baba yangu alifanya kazi hiyo kwa miaka 31.

Nimechelewa kulisema hili kwa sababu nyumbani kwetu nalo lilikuwa halisemwi. Baba alianza kama utingo, akapanda kuwa dereva, na sehemu kubwa ya maisha yake ilipita kwenye barabara ile inayotoka Dar es Salaam, ikakata hifadhi ya Mikumi, ikashuka Ruaha Mbuyuni, ikapanda Kitonga, ikapita Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya, hadi Tunduma, kilomita zaidi ya 900, na kutoka hapo Zambia, na mara nyingi Kongo. Sisi tuko Uyole, kwa hiyo alikuwa anapita nyumbani. Neno ni hilo hilo, kupita. Tulimjua kwa vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, kwa nyanya za Ilula, kwa mlio wa honi saa nane usiku. Alikuwa analala, anaoga, anaangalia madaftari yetu, anaondoka. Mimi nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo huniita “mama”. “Shikamoo baba.” “Marahaba mama, masomo?” “Mazuri.” Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu kuanzia darasa la kwanza mpaka shahada ya kwanza.

Miaka miwili iliyopita alirudi na begi lake, shuka lake na jiko lake dogo la gesi la safarini, akaviweka stoo, na hakuondoka tena. Alisema kazi imeisha. Sote tukaelewa kuwa tajiri amemwachisha. Mama alilia. Baba zangu wadogo walikuja wawili, wakataka shauri lipelekwe kwenye usuluhishi wa kazi, kwani mtu hawezi kutumikia kampuni moja miaka 19 akaachwa bila maelezo. Baba aliwasikiliza, akawashukuru, akasema ataliangalia. Hakuliangalia. Alikaa kwenye benchi mbele ya genge la mama, akitazama malori. Ana kisukari, tulijua hilo, na tulisema ni kisukari kinamfanya awe kimya. Nilipokuwa nikipiga simu kutoka Dar alikuwa akisema maneno mawili na kumpa mama simu.

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani na kompyuta. Sikuwa na mpango wowote. Jioni ya pili nilikuwa sebuleni nacheza, nikiwa nimevaa visikilizi, na sikumsikia akiingia. Nilishtukia yuko nyuma ya kiti. Nilikuwa narudisha tela bohari moja huko Uholanzi.

“Umechelewa kukata,” alisema.

Nikavua visikilizi. “Abee baba?”

“Umechelewa kukata. Songa mbele uanze upya. Kusonga mbele si aibu.”

Nikasonga mbele, nikaanza upya. Akasema kata. Nikakata. Akasema mfuate, mfuate, mwachie. Tela likaingia. Akavuta kiti.

Sitasahau maswali aliyouliza usiku ule, kwa sababu ndiyo maswali marefu ya kwanza ambayo baba aliwahi kuniuliza. Lori la aina gani? Injini ngapi? Kwa nini unaendesha kulia? Mzigo gani? Tani ngapi? Kisha akanyamaza kidogo, akakitazama kile kiti cha abiria kilicho kitupu ndani ya kabini, akauliza: “Utingo wako yuko wapi?”

Nikamwambia hakuna utingo. Ulaya dereva anakwenda peke yake.

“Ukilala nani analinda mzigo?”

“Hakuna, baba. Unalala tu.”

Alitikisa kichwa. “Na anayekutazamia nyuma? Na wa kuweka gogo tairini ukiharibikiwa mlimani?” Alilichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa kuliko nilivyotegemea. Baadaye nilielewa kwamba kwake utingo si kibarua wa kubeba virago. Ni mtu wa kuzungumza naye kutoka Chalinze hadi Kasumbalesa, mtu anayekukoroga uji, mtu ambaye siku moja utampa usukani kwenye tambarare ili ajifunze, kama naye alivyopewa. Kwa siku nyingi za ujana wake na mtu mzima wake, baba aliishi na utingo kuliko alivyoishi na sisi. Sikuumia kulitambua hilo. Nilifurahi kuwa hakuwa peke yake.

Kesho yake nilimpa kibodi. Nilimwanzishia Uingereza, maana huko wanaendesha kushoto kama sisi, nikamchagulia kazi za kutumwa, zile unazopewa lori la kampuni bila kununua lako. Felixstowe hadi Carlisle. Vidole vyake ni vinene na herufi za kibodi ni ndogo, akibonyeza moja anabonyeza mbili. Alifika raundabauti ya kwanza akaizunguka mara tatu. Mdogo wangu, ambaye yuko kidato cha nne na ana mdomo, akacheka. Baba naye akacheka. Mama akatoka jikoni kuja kuangalia ni nani anacheka.

Kilichomkera ni gia. Niliweka zijibadilishe zenyewe ili kumrahisishia, akachukia. “Gari linafikiri badala yangu?” Nikaingia kwenye mipangilio, nikaweka gia za kupandisha kwa kitufe kimoja na kushusha kwa kingine, na breki ya injini nikamwonyesha ni herufi B. Kuanzia hapo hakuhitaji mwalimu. Siku ya tano aliomba nimtoe Uingereza, “tukaone wenzetu.” Akavuka na feri hadi Calais, akaanza kuendesha kulia, akapoteza kioo kimoja Ubelgiji, akazoea.

Nilikuwa nikikaa kiti cha pembeni. Bila kupanga, nilikuwa utingo.

Na kutoka kiti hicho nilisikia mambo. Nilisikia kwamba lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kulia wakati halikati kona, linakwambia usipite, kuna gari linakuja. Likiwasha ya kushoto, njia nyeupe, nenda. Nilikuwa nimepanda basi mara ishirini kwenye barabara ile na sikuwahi kujua kwamba malori yanazungumza. Nilisikia kwamba matawi mabichi yaliyolazwa lami yanahesabiwa: yakiwa mengi na yameanza mbali, aliyeharibikiwa ni mzoefu. Nilisikia kuhusu Mikumi usiku, mwendo 50, na nyati anayesimama katikati ya barabara akikutazama kama afisa wa mizani. Nilisikia kuhusu foleni ya Tunduma, siku tatu, nne, watu wanafua nguo na kuzianika kwenye tela. Kila alipovuka mpaka wa Ulaya bila kusimama, kutoka Ufaransa kuingia Ubelgiji kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni, alisema: “Hii gemu ni ya uongo.” Nilimwambia hiyo si gemu, ndivyo walivyo kweli. Alikaa kimya kilomita kadhaa.

Nilimwambia pia kuhusu sheria yao. Dereva wa lori katika Umoja wa Ulaya akiendesha saa 4 na nusu anapaswa kupumzika dakika 45, na kwa kawaida haruhusiwi kuzidisha saa 9 za kuendesha kwa siku, na kuna kifaa ndani ya kabini kinachorekodi. Nilidhani atacheka. Alicheka mwanzoni, akasema kwa mwendo huo Lusaka wangefika mwezi ujao. Kisha akataja majina manne. Yalikuwa majina ya madereva. Hakueleza, na mimi sikuuliza waliishia wapi.

Lile ninalotaka kusimulia hasa lilitokea wiki ya tatu. Alikuwa ametoka Innsbruck na mzigo wa mashine, tani 22, anaelekea Verona, na barabara hiyo inapanda milima ya Alps kisha inashuka Italia. Kabla hajafika kileleni alipunguza gia moja, akapunguza nyingine. Nikamuuliza mbona anapunguza wakati mteremko haujaanza. Akasema mlima unashuka na gia uliyopandia, ukingoja mpaka lori liwe limeshaanza kukusukuma hutapata gia tena, utabaki na breki, na breki zikichemka umebaki na Mungu. Aliteremka taratibu, akibonyeza B, akiachia, akibonyeza, malori mengine yakimpita. Ilikuwa nzuri kutazama. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia: baba, unaweza bado.

Alipata sehemu ya kuegesha pembeni, akaingia, akazima injini ya gemu. Hakuondoa mikono kwenye kibodi.

“Hapa sitakiwi kuwa na miguu,” alisema.

Sikuelewa.

Akanieleza bila kunitazama. Ganzi ilianza vidoleni, akadhani ni viatu. Ikapanda nyayo. Kwa muda wa kama mwaka aliendesha kwa kusikiliza: injini inamwambia kama ameachia klachi vizuri, mwili unamwambia kama breki imeshika. Kisha siku moja, kwenye mteremko wa Senjele, kati ya Tunduma na Mbeya, akiwa na mzigo, alikanyaga breki na lori likaendelea kwenda. Akatazama chini. Mguu ulikuwa umekanyaga sakafu, kando ya pedali, na haukumwambia.

“Miaka 31 sijawahi kutazama chini,” alisema. “Dereva hatazami chini.”

Hakuna kilichotokea. Gia ilikuwa ndogo, breki ya injini ilikuwa kazini, aliusogeza mguu kwa kuutazama, lori likatii. Utingo alikuwa amelala. Alifika Dar, akashusha mzigo, akaenda ofisini kwa tajiri, akaweka funguo mezani, akasema amechoka. Tajiri alimsihi abaki. Alimpa na pesa ya kumuaga, ambayo mama aliiona na kudhani ni fidia ndogo ya dhuluma kubwa.

“Kwa hiyo hakukuachisha?”

“Nilijiachisha.”

Nikamuuliza kwa nini alituacha tumchukie mtu wa watu miaka miwili. Alifikiri. Akasema kuachishwa na tajiri ni jambo linaloelezeka, watu wanakupa pole, wanakuja na unga na sukari. Kuachishwa na mguu wako mwenyewe, unamwambia nani? Kisha akawasha injini, maana mzigo ulikuwa na saa yake ya kufika.

Nimefikiri sana kwa nini alilisema pale na si mahali pengine. Nadhani ni kwa sababu tulikuwa tunatazama mbele, wote wawili, kwenye kioo. Kuna mazungumzo ambayo hayawezekani uso kwa uso, hasa kati ya binti na baba wa kwetu. Kwenye gari yanawezekana, na sisi hatuna gari, na hata tungekuwa nalo asingeweza kuliendesha. Tulichokuwa nacho ni kompyuta ya mtumba na barabara ya kwenda Verona.

Mama aliambiwa usiku ule ule. Hakulia safari hii, alikasirika, kisha akaenda kuchemsha maji. Ilibainika kwamba baba alikuwa ameacha kwenda kliniki ya kisukari muda mrefu, kwa sababu kliniki wangemuuliza kuhusu miguu, na miguu ilikuwa siri. Sasa anakwenda. Wamemwambia ganzi ile huenda isirudi nyuma, lakini kidonda kinaweza kuzuiwa, na mtu wa namna yake anapaswa kukaguliwa nyayo kila siku maana mwiba ukimchoma hatajua. Kazi hiyo amepewa mdogo wangu. Kila jioni baada ya kujisomea anachukua tochi ya simu na kumkagua baba unyayo mmoja baada ya mwingine, huku akimwita “gari namba fulani, leta matairi.” Baba zangu wadogo nao waliambiwa. Mmoja wao alipanda daladala kwenda kumsalimu tajiri, bila sababu ya kueleweka, na kilo tano za mchele wa Kyela.

Sisemi gemu ilifanya hayo. Nina rafiki anayesoma saikolojia ambaye amenionya nisije nikaandika kwamba gemu inatibu kisukari. Gemu yenyewe ina mapungufu tele. Kando ya barabara zake hakuna watu wa maana. Hakuna mtoto anayevuka, hakuna mbuzi, hakuna mama anayekimbia na beseni la mahindi ya kuchemsha lori likisimama. Njaa haipo, bia haipo, mwanamke wa Nakonde hayupo (mama ndiye aliyemtaja, mimi nilijifanya sijasikia). Ukigonga gari unakatwa pesa, unaendelea. Baba hulalamika kuhusu hili kuliko yote. Anasema gemu ya malori isiyo na hofu inafundisha watoto ujinga. Naona ana haki, ingawa ni yeye huyo aliyegonga taa ya barabarani Luxembourg na kusema ilikuwa imewekwa vibaya.

Nilirudi Dar Januari bila kompyuta. Tasnifu nimeimalizia kwenye maktaba ya chuo na kwenye kompyuta ya rafiki, jambo ambalo msimamizi wangu aliliona ni wazimu. Baba ana kampuni sasa. Alikopa kwenye benki ya gemu, akalipa, akanunua lori lake, akanunua gereji. Gemu inamruhusu kuajiri madereva, wamepangwa kwenye orodha na majina yao ya Kizungu na picha zao. Hajaajiri hata mmoja. Anasema hawezi kumkabidhi gari mtu ambaye hajawahi kuwa utingo wake. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe nilizomwekea kwenye folda ya muziki wa gemu anazipiga Poland nzima. Umeme ukikatika Uyole hupiga simu kunilaumu mimi.

Simu zetu zimerefuka. Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani kwa siku chache, na wakati wa kurudi nilikata tiketi ya kiti cha mbele kabisa, kile ambacho zamani nilikikwepa kwa woga. Kutoka Mbeya hadi Iringa nilihesabu indiketa: lori la kwanza kulia, tukasubiri, kushoto, tukapita. Abiria wa pembeni yangu alikuwa amelala. Tulipokaribia Kitonga, kabla ya kuanza kushuka, nikampigia baba. Nilisikia gemu nyuma yake, injini ikinguruma mahali fulani.

“Tunaanza Kitonga,” nikamwambia.

“Basi lina abiria wangapi?”

“Limejaa.”

Akasimamisha lori lake. Nilisikia breki za hewa zikipumua. “Mtazame dereva mkono,” akasema. “Anaingia na gia ya ngapi?”